Maiki Iliyoachwa Wazi

Ujumbe ulifika Jumatatu asubuhi, nikiwa napanga magazeti ya siku kwenye vishikizo vyake vya mbao. Wafanyakazi wote wa maktaba za umma, wakubwa kwa wadogo, tungeanza mafunzo ya kazi kwa njia ya mtandao: wiki sita, kila Jumanne na Alhamisi, saa nne kamili. Kila mtu awe na kamera, maiki na moyo wa kujifunza. Nilisoma mara mbili. Kamera tulikuwa nayo, kwenye laptopu ya ofisi. Moyo ndio sikuwa na hakika nao.

Wakati huo nilikuwa nimefanya kazi katika maktaba ya Kitale miaka ishirini na miwili. Niliingia enzi ya kadi, kila kitabu na kadi yake, kila kadi na droo yake, na nilikuwa nikiweza kuipata kadi ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa bila kutazama. Kompyuta zilipokuja nilijifunza kwa shida. Sasa niliambiwa nikae mbele ya kioo nifundishwe kuhudumia wasomaji na mtu aliye Nairobi, ambaye kwa sauti yake, nilipokuja kuisikia, angeweza kuwa kitinda mimba wangu.

Mwenzangu wa kazini, msichana aliyeajiriwa mwaka mmoja tu kabla ya hapo, ndiye aliyenituliza. "Mama, si ni kukaa tu na kusikiza," aliniambia. "Ni kama kanisani. Ukitaka kusema unainua mkono."

Tulichagua chumba cha magazeti ya zamani, kwa kuwa ndipo mtandao unaposhika, tukaiweka laptopu juu ya juzuu nne za ensaiklopidia ambazo sijawahi kuona mtu akizifungua. Siku ya kwanza tulikuwa watu kama thelathini, kila mmoja kwenye kisanduku chake, wengine wakionekana paji la uso tu, wengine dari ya ofisi. Mkufunzi alitukaribisha kwa uchangamfu, akasema tujitambulishe mmoja mmoja: unatoka maktaba gani, unafanya nini, na siku yako ya kazi inaendaje.

Zamu ya Bungoma ilipofika, alijitokeza mzee mmoja mwenye miwani mizito na koti la kazi la buluu lililopigwa pasi. Alikaa wima kama anayepigwa picha ya pasipoti. Alisema yuko maktaba hiyo tangu ujana wake, na kwamba kazi yake ni "kurinda vitabu na kurea wasomaji wadogo." Akaeleza siku yake tangu kufungua mlango. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejivunia utaratibu wake, "Saa saba kamiri tunafunga mrango, tunaenda kura. Saa nane tunarudi."

Nilimgeukia mwenzangu nikamwambia, "Kumbe Bungoma wanapiga kura kila siku saa saba." Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, kile kicheko changu ambacho watoto wangu wanasema kinasikika hadi kwa jirani.

Mwenzangu hakucheka. Alikuwa anatazama kioo huku ananishika mkono. Nilipotazama, niliona visanduku vimejaa watu wanaocheka, wengine wameziba midomo, na mkufunzi anasema, "Jamani, tufunge maiki zetu tafadhali." Pembeni ya picha yangu kulikuwa na alama ndogo ya kijani. Maiki yetu ilikuwa wazi tangu tulipoingia.

Yule mzee alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti, akaivaa tena. Halafu kisanduku chake kikawa cheusi.

Lililoniumiza zaidi nililijua mimi peke yangu. Mimi ni mtoto wa familia iliyotoka Mkoa wa Kati ikahamia Trans-Nzoia kutafuta shamba. Nilikulia upande wa Kachibora, na nyumbani kwetu l na r zilikuwa herufi moja, kila mtu aliichukua iliyokuwa karibu na ulimi. Darasa la sita nilisimamishwa kusoma kwa sauti, na katika ukurasa ule kulikuwa na neno barabara mara tano. Nilisema "balabala" mara zote tano. Tangu siku hiyo hadi nilipomaliza la nane hakuna aliyeniita jina langu. Nilikuwa Balabala uwanjani, Balabala kwenye foleni ya uji, na hata mwalimu mmoja aliwahi kuniita hivyo bila kukusudia.

Niliunyoosha ulimi wangu mwenyewe. Kila asubuhi nilipopeleka maziwa kwenye kituo cha kupokelea nilikuwa narudia njiani, lori, rangi, ruhusa, leso, hadi taya zikauma. Nilipofika sekondari hakuna aliyeweza kujua nilikotoka kwa kunisikia tu. Nilijivunia ushindi ule kwa miaka mingi. Na siku niliyopata mtu asemaye kama nilivyosema mimi, nilikuwa wa kwanza kumcheka, na maiki ikiwa wazi.

Alhamisi hiyo mzee hakufungua kamera, wala Jumanne iliyofuata. Jina la maktaba yake lilikuwepo, na mkufunzi alipoita mahudhurio, kwenye chati, pale pembeni pa kuandikiana, lilitokea neno moja: "Nipo." Akiulizwa swali, aliandika jibu. Na majibu yake yalikuwa mazuri. Tulipojifunza jinsi ya kumhoji msomaji ili kujua anachotaka hasa, mkufunzi alitoa mfano wa mtu anayeomba kitabu cha sheria. Sisi tulikimbilia kutaja vitabu. Mzee aliandika: "Kwanza nitamuuliza kama amekula, maana anayetafuta sheria mara nyingi ametoka kugombana na ndugu yake." Mkufunzi aliisoma kwa sauti, akamwomba aieleze kwa mdomo. Kwenye chati pakatokea: "Maiki mbovu."

Mwenzangu alinitazama. Sikumtazama.

Wiki ya tatu tulipewa kazi ya mwisho. Tungefanya wawili wawili, kutoka maktaba mbili tofauti, na kila jozi ingeandaa huduma ya saa moja inayounganisha wasomaji wa maktaba zote mbili kwa mtandao, huku darasa zima likitazama. Mashine ndiyo iliyochagua nani awe na nani. Niliona jina la maktaba yangu, na kando yake, Bungoma.

"Mungu hana haraka," mwenzangu alisema, "lakini leo ameharakisha."

Nilimpigia simu siku hiyohiyo. Alipokea kwa heshima, sauti imepoa. Nilipoanza kusema kuhusu siku ya kwanza, alinikatiza taratibu. "Madam, kazi ni kazi. Niandikie unataka tufanye nini. Nitajibu." Nikamwandikia. Ujumbe wa kwanza ulikuwa mrefu, nikaufuta. Wa pili ukawa mfupi mno, nikaufuta. Mwishowe niliandika, "Naomba msamaha kwa kicheko changu. Pia, unaonaje tukifanya saa ya hadithi kwa watoto?" Nilipousoma baada ya kuutuma niliona nimeiweka toba yangu kama mtu anayesalimia jirani haraka ili aombe chumvi. Alijibu, "Sawa." Sikujua sawa hiyo ilikuwa ya msamaha au ya hadithi.

Jumamosi nilikwenda Bungoma. Sikumwambia mtu, hata mume wangu nilimwambia nina shughuli ya ofisi, na kwa kweli ilikuwa hivyo.

Kwenye mlango wa maktaba nilimuuliza askari mahali pa kutia sahihi, nikaonyeshwa daftari, nikaelekea sehemu ya watoto. Alikuwa pale, koti lake la buluu, kitabu kimefunguka mapajani, anakishona mgongo kwa sindano na uzi. Hakuinua kichwa. Nilikaa kwenye kiti cha nyuma, kile kidogo cha watoto, magoti yakanifika kidevuni.

Saa nne ilipogonga watoto waliingia kama maji yaliyofunguliwa mfereji. Walikaa kwenye mkeka bila kuambiwa. Mzee aliweka sindano mfukoni, akasimama, na hapo hapo nikaona mtu mwingine kabisa. Mabega yalishuka, shingo ikarefuka, macho yakawa madogo. Alikuwa jogoo.

Ilikuwa hadithi yake mwenyewe, aliitunga miaka mingi iliyopita. Jogoo wa boma moja alijua kila mara mgeni anapokuja, kwa kuwa mama wa boma alikuwa akifagia uwanja mara mbili. Siku moja aliona uwanja unafagiwa mara tatu, akajua anayekuja si mgeni wa kawaida. Alikuwa mkwe, kutoka Kapsokwony kule mlimani, na mkwe hapewi sukuma wiki, mboga ya kila siku; huchinjiwa. Jogoo akafikiria kukimbia, akafikiria kujificha, akafikiria kuwa mgonjwa. Mwishowe, mkwe alipopiga hodi, "jogoo akarara chini, miguu juu, urimi nje, amekufa kabisa."

Mtoto mmoja wa kike aliyevaa sweta ya shule alisema, "Si akarara. Ni akalala."

Mzee alimtazama bila kuacha kuwa jogoo. "Wewe sema ya shuleni," alimwambia, "mimi niseme ya nyumbani. Jogoo ni yule yule, na kisu ni kile kile." Watoto wakacheka, yule msichana akiwa wa kwanza, na hadithi ikaendelea. Mkwe aliinama akaona jogoo anapumua. Akacheka sana, akasema jogoo mwenye akili kiasi hiki haliwi, akaomba apewe awe wake. Akampeleka juu mlimani, na huko jogoo akawa ndiye anayeamsha shule nzima, na akichelewa yeye, mwalimu mkuu naye anachelewa.

Watoto walipotawanyika kwenye rafu nilimsogelea. Nilikuwa nimepanga maneno. "Mzee wangu," nilianza, "mimi ndiye yule wa Kitale."

"Najua," alisema. "Nilikujua ulipouliza askari mahali pa kutia sahihi. Sauti yako naijua sana."

"Na ukaniacha nikae?"

"Maktaba ni ya umma, mayi." Ndivyo wanavyomwita mama kwao, na lile neno lilinipa ujasiri kidogo.

Nilimwomba msamaha, safari hii bila kuuchanganya na kitu kingine. Alisikiliza huku akizungusha uzi kwenye kidole. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia. "Wewe ulisema kitu cha kweli. Nilisema kura, na hata mimi nikisikia mtu amesema hivyo nitacheka. Hiyo si shida." Akaonyesha kwa kidevu msichana aliyekuwa kaunta, akivipiga vitabu muhuri. "Huyu ni msaidizi wangu. Nilimfundisha kazi mimi. Siku hiyo alikaa kando yangu kunishikia mashine. Mlipocheka, aliinama akajifanya anafunga kamba za kiatu." Akaufungua uzi kidoleni. "Alikuwa amevaa ndala."

Kwa hiyo nilimweleza habari ya Balabala. Sikuwahi kumweleza mtu yeyote wa kazini, na mume wangu anaijua nusu tu. Nilimweleza ukurasa ule wenye neno moja mara tano, foleni ya uji, lori na leso za njiani, na mwalimu aliyejisahau. Nilipofika hapo kwa mwalimu, mzee alianza kutikisika. Alivua miwani. Alicheka bila sauti, maana tulikuwa maktabani, machozi yakamtoka, akarudia, "Mara tano. Mara zote tano."

"Mara zote tano," nilisema, na mimi nikaanza kucheka.

Alipotulia akasema, "Sasa sikia. Wewe sema hiyo hadithi darasani, mbele ya wote. Mimi nitafungua kamera."

"Darasani? Watu thelathini?"

"Hao hao."

Nilifikiri kidogo, ingawa nilijua sina njia ya kukataa. "Haya," nikasema.

Alitazama saa ya ukutani, akasimama, akajinyoosha koti. "Saa saba imefika," alisema kwa utulivu wa mtu mwenye cheo. "Tufunge, twende tukapige kura." Msaidizi wake alicheka akiwa kaunta, na nadhani hilo ndilo mzee alilokuwa analitaka. Tulikula wote watatu, ugali na mboga za kienyeji zilizolazwa na maziwa, na nikarudi Kitale nikiwa mwepesi.

Wiki mbili zilizofuata tulifanya kazi kama watu wa familia moja, maana yake tuligombana kila siku. Yeye alitaka watoto wakae kwenye mkeka, mimi nilitaka viti. Mimi nilitaka hadithi ya dakika ishirini, yeye akasema hadithi haipimwi kama kitambaa. Siku ya majaribio tulimwona bila kumsikia, kisha tukamsikia bila kumwona, kisha pande zote mbili tukakaa kimya tukiangaliana tukidhani mwenzetu ndiye aliyekwama. Mwenzangu na yule msaidizi wa Bungoma walifanya urafiki wao kando, wakawa wanatumiana jumbe zilizotuhusu sisi. Najua kwa sababu walikuwa wanacheka wote wawili kwa wakati mmoja, mmoja akiwa Kitale na mwingine Bungoma.

Alhamisi ya wiki ya sita tulikuwa na watoto ishirini na wawili kutoka shule ya jirani. Tuliazima projekta kanisani, tukatundika shuka jeupe lililotoka kitandani kwangu. Bungoma walikuwa na televisheni ya ofisi. Wanafunzi wenzetu wa mafunzo walijipanga kwenye visanduku vyao, na mkufunzi akasema, "Kitale, tuko tayari."

Nilikuwa nimeahidi, nikaanza. Niliwaambia watoto kwamba leo tutasikiliza hadithi, lakini kabla yake nataka kuwaambia jina nililoitwa nikiwa na umri wao. Niliwaambia kwa nini. Nilisema neno lile kama nilivyolisema darasa la sita, mara tano, na watoto walicheka kama watoto wanavyocheka, kisha wakanitazama waone kama nimeumia. Sikuwa nimeumia. Kisha nikageukia kamera nikasema kwamba siku ya kwanza ya mafunzo haya nilimcheka mwenzangu kwa jambo lile lile, nikamwomba radhi mbele yao wote.

Halafu chati ikaanza kupanda. Mmoja aliandika kwamba yeye shuleni alikuwa anaambiwa anaongea kama anatafuna viazi. Mwingine akaandika kwamba hadi leo hawezi kusema thelathini, ndiyo maana huwa anasema ishirini na kumi. Mkufunzi mwenyewe, yule binti wa Nairobi, akafungua maiki akasema kwamba bibi yake wa kijijini humcheka kila akijaribu kusema lugha ya nyumbani, na siku hizi anaogopa kumpigia simu.

Ndipo kisanduku cheusi kikawaka. Kwanza tuliona paji la uso tu, kubwa kama sinia. Mkono wa msaidizi ukapita, picha ikashuka, na mzee akaonekana, koti la buluu na chini yake tai nyekundu ambayo sikuwahi kuiona. "Watoto wa Kitale," alisema, "mulembe," akitusalimu kwa lugha ya kwao. Halafu mabega yakashuka, shingo ikarefuka.

Watoto wangu walikuwa wake kuanzia sentensi ya pili. Uwanja ulifagiwa mara mbili, ukafagiwa mara tatu. Mkwe alitoka Kapsokwony akiwa na viatu vilivyong'aa, pikipiki ikamrushia matope yote ya mlimani. Akapiga hodi. Jogoo akatazama kushoto, akatazama kulia, na mzee alipofungua mdomo kusema alichofanya jogoo, picha ikakwama. Alibaki hivyo kwenye shuka langu, mikono juu, mdomo wazi.

Tulingoja. Mwenzangu alizima kifaa cha mtandao akakiwasha tena. Watoto walianza kusukumana. Mmoja akauliza, "Amefanya nini? Jogoo amefanya nini?"

Mimi si msimulizi. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa nimewapa watu hadithi kwa kuzitoa kwenye rafu. Lakini walikuwa watoto ishirini na wawili, wote wananitazama, na hii hadithi nilikuwa nimeisikia. Nilisimama mbele ya shuka, nikashusha mabega. "Jogoo," nilisema, "akarara chini, miguu juu, urimi nje."

Ilitoka yenyewe. Hakuna mtoto aliyesahihisha. Wawili walijilaza sakafuni kuonyesha.

Tatizo ni kwamba nilisahau mwisho. Nilikumbuka shule na mlima, lakini namna ya kufika huko ilikuwa imenitoka, na watoto walikuwa wameinama mbele. Kwa hiyo nilisema mkwe aliingia, akakaribishwa, akaulizwa angependa nini. Akashika tumbo, akasema kwa huzuni, "Mama, daktari amenikataza nyama. Naomba tu sukuma wiki." Na jogoo, aliyekuwa amejilaza kwenye vumbi tangu hodi ya kwanza, siafu wakimpanda masikioni, akasikia yote.

Watoto walipiga makofi na miguu pia. Katikati ya kelele hizo picha ikarudi. Kumbe Bungoma hawakujua kwamba walipotea. Mzee alikuwa amemaliza hadithi yake, na watoto wake walikuwa wanapiga kelele kama wetu.

"Mmependa vile jogoo alienda mlimani?" aliuliza.

"Hakuenda mlimani," watoto wa Kitale walijibu kwa pamoja.

Mzee aliirekebisha miwani. "Alienda wapi?"

Mvulana mmoja wa upande wangu alisimama akaeleza habari ya daktari. Kutoka Bungoma yule msichana wa sweta, nilimtambua, alisogea hadi karibu na kioo. "Hiyo haiwezekani," alisema. "Mkwe hawezi kukataa kuku. Ni matusi."

"Na daktari akikukataza utafanya aje?" mvulana aliuliza.

"Unakula kidogo tu. Unachukua mguu."

"Na ukiugua?"

"Si unaugua ukiwa umeheshimu watu."

Mkufunzi alikuwa amepanga maswali ya watoto kwa dakika kumi. Yalichukua dakika arobaini, na hakuna hata moja lililotoka kwetu. Walibishana kama jogoo alidanganya au alijiokoa, kama mama wa boma alistahili kuulizwa kwanza, na kama jogoo anaweza kujua Kapsokwony ni wapi. Mzee na mimi tuliwaachia, kila mmoja upande wake, yeye akipangusa miwani, mimi nikitafuta kiti. Mtoto mmoja wa Kitale alipendekeza kura ipigwe. Nilimwona mzee akiinamisha kichwa na mabega yakitikisika, na katika visanduku vya darasa letu watu thelathini wakacheka pamoja naye.

Vyeti vilikuja kwa barua pepe wiki mbili baadaye. Mwenzangu aliviprinti kwa karatasi nzito na kukibandika changu kwenye ubao wa matangazo, nikakitoa, akakirudisha. Huduma yenyewe tuliambiwa tuiendeleze, na tunaiendeleza, Alhamisi ya mwisho ya kila mwezi. Watoto wa eneo la Kwanza, nje ya mji, nao wameanza kuletwa na mwalimu wao. Mbinu tulizofundishwa katika yale mafunzo, nyingine ninazitumia kila siku, nyingine nimezisahau. Ile ya kumuuliza mtu kama amekula naitumia, ingawa haikuwa kwenye slaidi.

Mwezi uliopita mkufunzi alimpigia mzee simu. Kundi jipya la wafanyakazi wa maktaba linaanza mafunzo, akamwomba afundishe kipindi kizima cha kusoma hadithi kwa sauti. Mzee alinipigia mimi. Alisema atakubali, kwa sharti kwamba nije Bungoma nikae naye siku hiyo.

"Mashine msaidizi wako anaijua kuliko sisi wote," nilimwambia. "Mimi nitafanya nini?"

"Si mashine, mayi. Mimi siwezi kusomea kioo. Nataka mtu akae pale mbele, nimwangalie."

Nilikwenda. Msaidizi alikuwa amenitengea kiti nyuma ya laptopu, kiti cha watu wazima safari hii. Mzee alinyoosha tai, akanitazama mimi, si kioo, akaanza saa nne kamili.